Simu imerutiwa lakini prosesa haivuki 2016: je, niiovakloki?

"Habari mtaalamu. Nina simu ya Android yenye Snapdragon 625, RAM ya GB 3 na hifadhi ya GB 32. Niliinunua ikiwa imeshatumika. Siku hizi imekuwa nzito. Programu zinachelewa kufunguka, na mchezo ninaoupenda unaanza vizuri, halafu baada ya dakika kama kumi unaanza kukwamakwama. Nimeiruti kwa Magisk, nikaweka programu ya kusimamia keneli, lakini kitelezi cha kasi kinagota kwenye 2016 MHz, hakiendi mbele. Kuna mtu amenitumia keneli anayosema inafika 2208, na ameniambia nizime kabisa ulinzi wa joto ili simu 'isijibanie'. Naogopa kuunguza prosesa. Je, ni salama? Na betri je, itaisha haraka zaidi? Maana hata sasa simu inajizima yenyewe ikifika asilimia 18."

Nianze na hiyo sentensi yako ya mwisho. Umeiacha mwishoni kama jambo dogo, kumbe ndiyo inayojibu zaidi ya nusu ya maswali yako. Simu inayozima ikiwa bado na asilimia 18 haina upungufu wa kasi, ina upungufu wa umeme. Ukiipandisha kasi sasa hivi, unamwongezea mzigo mtu ambaye tayari magoti yanamtetemeka.

Kwa hiyo jibu la haraka ni hili: hiyo keneli (programu ya msingi ya Android inayosimamia maunzi ya simu) iweke kando kwanza, na ule ushauri wa kuzima ulinzi wa joto usiufuate kabisa, iwe leo au baada ya kurekebisha kila kitu. Sasa nikueleze kwa nini, maana naona hofu yako ya kuunguza prosesa imelenga pasipo, na hatari yenyewe hukuitaja.

Kwanza hicho kitelezi kinachogota. Wengi hudhani wakishapata ruti, yaani mamlaka kamili ndani ya simu, wamepata kila kitu, halafu wanashangaa namba hazisogei. Ruti ni funguo za nyumba, haikuongezei vyumba. Kasi za prosesa yako zimeandikwa kwenye orodha ndani ya keneli, na kwa Snapdragon 625 orodha ya kiwandani ina ngazi saba: 652.8, 1036.8, 1401.6, 1689.6, 1804.8, 1958.4 na 2016 MHz. Kila ngazi imefungwa pamoja na volti yake. Programu yako ya kusimamia keneli inasoma orodha hiyo na kukuruhusu kuchagua humo humo, basi. Kupata 2208 ni lazima mtu aandike ngazi mpya na volti yake, aikusanye keneli upya, nawe uiweke badala ya ile ya awali. Ndiyo maana zile programu zinazoahidi kuongeza kasi ya prosesa kwa kubofya kitufe kimoja, bila kugusa keneli, ni mapambo tu.

Wewe angalau chipu yako ni ya kizazi ambacho keneli bado ina kauli. Wenye simu mpya zaidi hata hilo hawana. Kwenye chipu za Qualcomm, watengenezaji wa Snapdragon, kuanzia kizazi cha Snapdragon 845, iliyoingia sokoni 2018, jedwali la kasi liko kwenye maunzi yenyewe na hupangwa na programu ya ndani ya chipu kabla Android haijaamka. Keneli inasoma tu kilichomo. Huko unaweza kuruti utakavyo, dari halisogei.

Kuna imani nyingine nyuma ya swali lako, kwamba kiwanda kimekuficha kasi. Imani hii haikuzuka hewani. Simu ya kwanza kabisa ya Android, HTC Dream ya 2008, ilikuwa na prosesa ya megahezi 528 iliyowekwa itembee kwenye 384 tu. Mwaka uliofuata Motorola Droid ilikuja ikiwa kwenye 550, na watu wakaifikisha gigahezi moja na bado ikasimama. Miaka ile kuovakloki, yaani kupandisha kasi kupita ile ya kiwandani, kulikuwa na faida unayoiona kwa macho, kwa sababu kiwanda kiliacha nafasi kubwa mno. Waliojifunza enzi hizo bado wanatoa ushauri ule ule. Lakini hesabu imebadilika. Siku hizi watengenezaji wenyewe wanasukuma chipu karibu na ukingo ili namba ziwe nzuri kwenye tangazo, na kilichobaki juu ni kidogo. Kutoka 2016 hadi 2208 ni nyongeza ya asilimia 9.5. Hiyo ndiyo faida ya juu kabisa unayoweza kuota, na utaipata tu kwa kazi inayokaa ndani ya prosesa mwanzo hadi mwisho.

Tuingie ndani kidogo, maana ukielewa hapa huhitaji tena kuuliza kama kasi fulani ni salama, utaipima mwenyewe.

Fikiria watu waliojipanga mstari wakipitishiana ndoo za maji, na kuna mpiga ngoma pembeni. Kila ngoma inapolia, kila mtu awe ameshampa jirani yake ndoo na ameshapokea nyingine. Prosesa ni mstari huo. Ngoma ni saa yake, na watu ni transista, zile swichi ndogo mno za umeme. Kwa 2016 MHz, kati ya mpigo na mpigo kuna nanosekunde 0.496. Kwa 2208 inabaki 0.453. Ni muda mfupi kiasi kwamba hata mwanga hausafiri zaidi ya sentimita 15. Ndani ya muda huo umeme lazima upite kwenye msururu mzima wa transista na kutulia kwenye jibu sahihi. Mtu mmoja tu akichelewa, ndoo inadondoka.

Unawafanyaje watu wale waende haraka? Unawalisha vizuri zaidi, yaani unapandisha volti. Transista yenye volti kubwa hugeuka haraka. Tatizo ni bili yake. Umeme unaoliwa na chipu wakati wa kazi unakwenda kwa kasi mara volti, mara volti tena. Volti inahesabiwa mara mbili. Tuseme mwandishi wa hiyo keneli aliongeza volti kwa asilimia 8 ili 2208 isimame. Zidisha 1.095 kwa 1.08 kwa 1.08, unapata karibu 1.28. Umeongeza kasi kwa asilimia 9.5 na joto kwa asilimia 28. Hapo sijahesabu umeme unaovuja bila kufanya kazi yoyote, ambao nao hupanda chipu inapopata moto.

Na hiyo volti aliipata wapi? Mara nyingi kwenye simu yake yeye, iliyo mezani kwake. Chipu mbili za jina moja, zilizokatwa kwenye bamba moja la silikoni, hazilingani. Moja inahitaji volti zaidi, nyingine kidogo. Kiwanda kinajua hilo, kinapima kila moja na kuichomea alama ndani ili ipewe volti inayoifaa. Kwa hiyo mtu anapokuambia "mimi kwangu imesimama vizuri", anasema kweli, ila anazungumzia chipu yake.

Sasa hofu yako ya kuunguza. Prosesa ya simu haiungui kirahisi. Ina vihisi vya joto ndani, na ikifika pabaya inajipunguza, inazima baadhi ya viini, na ikizidi inaizima simu nzima. Ni kweli kwamba volti na joto kubwa huchakaza njia za umeme ndani ya chipu taratibu, lakini hilo ni suala la miaka. Ninachokiogopa mimi ni kile kitu cha katikati, yaani ndoo isiyodondoka ila inafika nusu.

Prosesa iliyosukumwa kupita uwezo wake haigandi kila mara. Wakati mwingine inatoa jibu lisilo sahihi na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Jibu hilo likiwa ni rangi ya nukta moja kwenye mchezo, hutaliona. Likiwa ni sehemu ya faili inayoandikwa kwenye hifadhi, limeshaingia, na kesho utafungua picha nusu yake ikiwa kijivu. Mimi yalinikuta. Niliweka kasi ya juu kwenye simu yangu, nikacheza jioni nzima bila tatizo, nikajipongeza, nikaweka alama kwenye kile kisanduku cha kutekeleza mipangilio kila simu inapowaka. Wiki iliyofuata picha kadhaa hazikufunguka, kisha hifadhidata ya ujumbe ikaharibika, kisha simu ikawa inawaka hadi kwenye nembo, inazima, inawaka tena. Kile kisanduku kilihakikisha kwamba kila ikiamka inarudishwa kwenye kasi ile ile iliyokuwa inaiangusha. Prosesa haikuungua hata kidogo. Mpaka leo ni nzima. Picha ndizo sikuzipata tena.

Turudi kwenye mchezo wako unaokwama baada ya dakika kumi. Hicho ni kielelezo kizuri, kwa sababu kama prosesa ingekuwa dhaifu kwa mchezo huo, ungekwama tangu dakika ya kwanza. Unaanza vizuri, maana yake uwezo upo. Kinachobadilika katika dakika kumi ni joto. Simu haina feni. Joto linaenea kwenye fremu na kioo hadi vikajaa, halafu keneli inaanza kushusha dari la kasi. Kwa hiyo 2016 unayotaka kuivuka huenda simu yako haikai hapo hata robo ya muda.

Hili usiniamini kwa maneno, lipime. Kwa kuwa una ruti, fungua programu yoyote ya kuandika amri na usome faili hili kabla ya kucheza:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/stats/time_in_state

Utaona safu mbili. Kushoto ni kasi kwa kilohezi, kulia ni muda ambao prosesa imekaa kwenye kasi hiyo, na kila kimoja ni sehemu ya mia ya sekunde. Inakili. Cheza dakika 20 kama kawaida yako, kisha isome tena na utoe namba za mwanzo. Dakika 20 ni sekunde 1200, kwa hiyo tofauti zote zikijumlishwa zikaribie 120000. Tuseme mstari wa 2016000 umeongezeka kwa 9000 tu. Hizo ni sekunde 90 kati ya 1200. Mstari wa 1401600 au 1036800 ukiwa ndio umebeba mzigo, jibu umelipata: dari la 2208 lingekuwa chumba usichoingia. Tena ungefika kwenye moto mapema zaidi, labda dakika ya sita badala ya kumi.

Ukiwa unacheza, angalia pia scaling_max_freq, yaani dari la kasi la wakati huo, kwenye folda ile ile ya cpufreq. Ikiwa ulianza ikisoma 2016000 na sasa inasoma 1401600 bila wewe kuigusa, umeushuhudia ulinzi wa joto ukifanya kazi. Joto la betri liko kwenye /sys/class/power_supply/battery/temp, na namba 410 hapo ni nyuzi 41.

Na hapa ndipo ule ushauri wa kuzima ulinzi unapokuwa mbaya. Ndani ya kasha jembamba la simu, prosesa na betri ni majirani wa ukuta mmoja. Prosesa inavumilia nyuzi 80 bila kulalamika. Betri ya lithiamu haivumilii. Zaidi ya nyuzi 45 haitakiwi hata kuchajiwa, na joto ndilo linaloizeesha haraka kuliko kitu kingine chochote. Huo ulinzi anaoudharau rafiki yako unailinda betri, na mkono wako, pamoja na hiyo prosesa. (Na kabla hujafikiria: usiiweke simu kwenye friji. Unyevu utafanya matone ya maji ndani yake, na huo hauondoki kwa kuwasha upya.)

Betri sasa. Ndani ya kila betri kuna ukinzani, na unakua kadiri inavyozeeka. Tuseme betri ikiwa mpya ukinzani ni omu 0.1, na mchezo ukivuta ampea 2 kwa mkupuo, volti inashuka kwa 0.2. Ikiwa imebaki na volti 3.6, inateremka hadi 3.4 na maisha yanaendelea. Betri hiyo hiyo ikizeeka na ukinzani kufika omu 0.3, mkupuo ule ule unaivuta hadi volti 3.0, na hapo simu inaona umeme hautoshi na kukata. Kioo kilisema asilimia 18, na hakikudanganya sana. Chaji ipo, ila haiwezi kutoka kwa haraka inayotakiwa.

Hili si jambo la simu za Android pekee. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisijizime ghafla. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika kwa kufichwa. Lakini tazama mantiki yake: wahandisi wenye uwezo wote walipokutana na tatizo lako, walishusha kasi. Wewe unataka kuipandisha. Mikupuo itakuwa mikubwa zaidi, na badala ya kuzima kwenye 18 itazima kwenye 30. Kwa hiyo ndiyo, betri itaisha haraka, lakini kuisha haraka ndiyo tatizo dogo hapo.

Kuhusu programu kuchelewa kufunguka, hilo lina chanzo kingine kabisa. Unapofungua programu, prosesa inatumia muda mwingi ikisubiri hifadhi ilete data. Simu za kundi lako zinatumia hifadhi ya eMMC, ambayo ni ya polepole na huzidi kuwa nzito inapokaribia kujaa. Na kwa kuwa RAM yako ni GB 3 tu, mfumo unalazimika kufukuza programu za nyuma ili ya mbele ipate nafasi, kisha kuzisoma upya ukizirudia. Tuseme programu inachukua sekunde tatu kufunguka na moja kati ya hizo ndiyo kazi halisi ya prosesa. Kwa 2208, ile sekunde moja inakuwa 0.91. Umeokoa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, nawe bado unasubiri mbili na ushee.

Ningekuwa mimi na simu yako mkononi, ningeanza na betri mpya iliyo bora, si ile ya bei ya kutupa. Kisha ningetoa picha na video hadi hifadhi ibaki na angalau GB 6 au 7 tupu. Android inaifagia hifadhi yenyewe usiku simu ikiwa imetulia kwenye chaji, na kwa ruti unaweza kuharakisha kwa amri fstrim -v /data. Programu usizotumia zifute, hasa zile zinazoamka zenyewe kila saa.

Baada ya hapo ningefanya kitu ambacho kitakushangaza: ningeshusha kasi. Weka scaling_max_freq iwe 1804800 unapocheza, na kwenye mipangilio ya mchezo punguza ubora wa picha hatua moja. Joto litapanda taratibu, huenda dari lisishushwe kabisa, na utapata mwendo ule ule kuanzia dakika ya kwanza hadi ya arobaini. Jicho linasamehe mchezo ulio polepole kidogo lakini sawia. Halisamehi unaoruka halafu unakwama. Kioo cha 60 Hz kinataka picha mpya kila milisekunde 16.7, na picha inayochelewa hadi 40 ndiyo unayoiita kukwama. Jambo jingine, michezo mingi yenye picha nzito hubanwa na chipu ya michoro, ambayo kwako ni Adreno 506, na huyo hatasaidiwa na prosesa ya 2208 hata kidogo. Pengine ataumia, kwa sababu wote wawili wako kwenye kipande kimoja cha silikoni na wanagawana joto.

Kwa uzito wa kawaida wa kugusa na kutelezesha, cheza na gavana badala ya dari. Gavana ndiye anayeamua prosesa ipande lini na ishuke lini, na kwenye keneli nyingi za chipu yako ni yule aitwaye interactive. Ana kipengele hispeed_freq, yaani kasi anayorukia mara tu mzigo unapotokea. Ukikipandisha kwa ngazi moja utahisi simu imekuwa nyepesi mkononi, bila kuvuka volti hata moja ya kiwandani. Gharama yake ni betri kidogo. Kwangu hapo ndipo ruti inapolipa.

Najua, kuna wanaosoma haya wakisema: nimekuelewa, lakini bado nataka kujaribu, simu ni yangu. Sawa. Kuna raha ya kujua mashine yako mpaka ukingoni, siwezi kuikana wakati ndiyo iliyonileta kwenye kazi hii. Basi fanya kwa adabu.

Keneli iliyotumwa na mtu kwenye ujumbe usiiweke. Keneli ya Android ni ya Linux, nayo Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na anayegawa keneli anapaswa kukupa msimbo wake ukiutaka. Asiyeutoa, mwache. Keneli inaona kila kitu simu inachofanya, zikiwemo nywila zako, na hakuna programu ya usalama iliyo juu yake. Hakikisha pia imetengenezwa kwa modeli yako hasa na toleo lako la Android. Isipolingana, utapoteza kamera au Wi-Fi hata kabla hujafika kwenye kasi.

Toa kila kitu unachokipenda kwenye simu ukihifadhi kwingine, kisha hifadhi nakala ya boot ya sasa, yaani sehemu ya hifadhi inayobeba keneli:

dd if=/dev/block/bootdevice/by-name/boot of=/sdcard/boot.img

Faili hilo lihamishie kwenye kompyuta. Likibaki ndani ya simu halitakufaa simu ikigoma kuwaka. Kama keneli imekuja kama faili kamili la boot, ipachike Magisk (ile programu iliyokupa ruti) kwanza, halafu iwashe kwa muda tu kutoka kwenye kompyuta kwa amri fastboot boot ikifuatwa na jina la faili, bila kuiandika. Ikigoma, unazima na kuwasha, na simu inarudi kwenye keneli yake ya zamani kana kwamba hukugusa kitu. Baadhi ya simu zimefungiwa amri hiyo. Zikiwa hivyo, hakikisha una TWRP (mfumo mdogo wa kurejesha nakala simu ikigoma kuwaka) inayofanya kazi na umeshajaribu kurejesha nakala angalau mara moja kabla hujaihitaji.

Panda ngazi moja tu. Ipe kazi nzito ya nusu saa huku ukiangalia joto, kisha itumie siku kadhaa kwa mambo ya kawaida, maana chipu nyingi huangukia kwenye kupanda na kushuka kwa kasi kuliko kwenye mzigo wa mfululizo. Kile kisanduku cha kutekeleza simu inapowaka usikiguse kwa wiki nzima. Ukiona programu zinajifunga bila sababu, picha haifunguki, au simu imejiwasha upya mara moja tu, shuka. Usiongeze volti ili kuibembeleza. Na ulinzi wa joto uache ulivyo.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyafanya, na yanataka fundi aishike simu. Ikiwa mgongo wa simu umeinuka, kioo kimeanza kujitenga na fremu, au kuna harufu tamutamu ya ajabu, hiyo ni betri iliyovimba. Usiichaji tena, usiibonyeze ikae sawa, usiitoboe, mpelekee fundi leo. Ikizima hata kwenye asilimia 40, au ikipata moto ikiwa imelala mfukoni bila kutumika, ipimwe pia, kwa sababu hapo huenda kuna kitu kinachovuja umeme kwenye ubao. Na kwa kuwa uliinunua ikiwa imetumika, mwombe akiifungua aangalie kama pedi na karatasi nyeusi za kusambaza joto bado ziko mahali pake juu ya prosesa. Simu zilizowahi kufunguliwa mara nyingi hurudishwa bila hizo, na hakuna keneli duniani itakayoziba pengo hilo.

Badilisha betri, kisha rudia kile kipimo cha dakika 20 ukiwa na keneli ya kiwandani. Niandikie namba za safu zote mbili, za kabla na za baada, pamoja na joto la betri mwanzo na mwisho. Ikionekana prosesa inakaa kwenye 2016 karibu muda wote huku betri ikiwa chini ya nyuzi 38, hapo tutakuwa na sababu ya kuzungumzia 2208.